Nyasi za Matanga

Anatolia alipouliza kama sauti ya mume wake bado imo, Gamaliel alikuwa ameshaifuta tangu juzi.

Aliuliza kwa upole, akiwa ameketi kwenye benchi la wateja, mkoba magotini, kama anayeuliza iwapo chai imechemka. Laptopu ilikuwa mezani kati yao, kuukuu, ya kijivu, imechubuka pembezoni. Punde tu kabla ya hapo ilikuwa imezimika tena, palepale inapozimika kila mara, mfumo mpya ukiwa haujafika hata nusu ya kupakiwa, na Gamaliel alikuwa ameinua mkono aipige meza kofi. Mkono ule ulibaki hewani.

"Sauti gani?" alisema, ingawa alikuwa amesikia vizuri.

"Ya Baba Koku, waitu, ndugu yangu. Alipoona mwili unamkatalia, akaanza kusemea humo, kila jioni kidogo kidogo. Anamweleza mtoto habari za ukoo, nani alipanda mgomba upi kibanjani, babu zake walitoka wapi. Kokuhirwa ana miaka miwili, fundi. Sura ya baba yake ataisahau. Tukasema basi, amkumbuke kwa sauti."

Gamaliel alishusha mkono, akauweka juu ya laptopu, akauondoa upesi.

Hakuna mtu pale Bukoba aliyemsifu Gamaliel kwa subira, lakini kwa ufundi walimsifu hata wasiompenda. Alianza kazi akiwa kijana wa redio, wakati wa vita, siku ambazo kila nyumba ilitaka redio yake iseme kama adui ameshavuka Mto Kagera au bado. Vita vikaisha, redio zikaendelea kuharibika. Zikaja televisheni, halafu kompyuta za maofisi na za mashirika ya yatima, ambayo kwa miaka ile yalikuwa mengi mjini kuliko maduka ya viatu. Dawa yake kwa kompyuta iliyogoma ilikuwa moja: futa kila kitu, weka mfumo upya. Hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Ndani ya mashine zile mlikuwa na taarifa ambazo hata waliolipwa mishahara kuziandika hawakuzisoma.

Hii ya Anatolia aliifanyia vilevile. Ilitoka kwa mumewe, Buberwa, aliyekuwa mtumishi kwenye utafiti wa migomba kule Maruku; mtaalamu mmoja wa kigeni alimwachia alipokuwa akirudi kwao. Gamaliel aliingiza flopi, akaamuru diski isafishwe. Kioo kikamwonya kwamba vyote vilivyomo vitapotea, kikamuuliza kama ana hakika. Alibonyeza kwamba anayo, jicho moja likiwa kwa muuza sangara aliyesimama mlangoni akimpandishia bei.

Hakumuuliza Anatolia kama mna kitu. Na Anatolia hakusema, kwa sababu ambayo Gamaliel aliielewa sasa, na kuielewa kwake kulimchoma zaidi. Miaka ya nyuma mama huyu alimletea redio iliyokuwa bubu, kaseti ya kwaya ikiwa imo ndani. Redio ilirudi kijijini kwao Kagoma ikiwa nzima, kaseti imo, kwaya inaimba. Fundi akitengeneza redio haigusi kaseti. Ni nani angedhani kwamba mtu aliyeitwa kurekebisha bawaba za kabati atatupa na nguo?

"Bado imo?" Anatolia aliuliza tena.

"Inaendelea vizuri, Mama Koku," alisema Gamaliel. "Nenda sokoni kidogo, ukirudi tutazungumza."

Uso wa mama yule ukafunguka. Alishukuru kwa kuinamisha magoti kidogo, kama alivyofundishwa kwao, akatoka.

Gamaliel alibaki ameduwaa kwa maneno yake mwenyewe. Aliyajua maneno yale. Dada yake Bernadina alipokuwa amelazwa, kila alipokwenda kumwona aliambiwa anaendelea vizuri. Aliambiwa hivyo jioni, na kesho yake asubuhi akakuta kitanda kimetandikwa shuka safi, hakuna mtu. Aliyachukia maneno yale kuliko alivyouchukia ugonjwa. Na bado, watu walipomiminika msibani, yeye ndiye aliyesimama mlangoni akiwaambia kwamba ilikuwa malaria kali. Miaka ile wilaya nzima ilikufa kwa malaria kali. Ugonjwa wenyewe ulikuwa na jina, na dawa ilikuwa bado habari ya nchi za watu, hivyo hakuna aliyeona faida ya kulitamka.

Hasira ilimpanda, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumkasirikia, aliigeuza laptopu kifudifudi na kuanza kufungua skrubu. Kwa nini ilikuwa inakufa njiani? Alishabadilisha sidii ya mfumo. Alishachomoa kadi ya kumbukumbu na kuipachika tena. Alishaulaumu umeme unaotoka Uganda, ambao Bukoba nzima huulaumu kwa kila jambo, na kwa kawaida hawakosei. Kila mara ilianza kwa moyo, ikapakia, ikapakia, kisha kioo kikawa cheusi.

Alipobandua kifuniko cha chini, aliinama karibu zaidi.

Ndani ya feni mlikuwa na nyasi. Si kijiti kimoja wala viwili. Zilikuwa nyasi nyembamba, kavu, zimesokotana na vumbi na nyuzi za blanketi, zimeshikamana kama kiota. Feni isingeweza kugeuka hata robo. Mashine ilikuwa inapata joto hadi inajizima yenyewe ili isiungue, na hilo ndilo lililoiharibu tangu mwanzo. Katika miaka yake yote ya kazi Gamaliel alishakuta mende, senene waliokaukia humo, hata mchele. Nyasi hakuwahi kuzikuta.

Anatolia aliporudi na ndoo yake mpya ya plastiki, alikuta kile kiota kimewekwa peke yake juu ya karatasi.

"Mama Koku, hii mashine ilikuwa inakaa wapi?"

Alikitazama. Akaweka ndoo chini polepole.

"Chini," alisema. "Kwenye nyasi za matanga."

Akaeleza, macho yakiwa hapo mezani. Msiba ulipotokea, wanawake walikata nyasi rweyani, kwenye mbuga nje ya kijiji, wakazitandika nyumba nzima, na wafiwa wakalala juu yake kama ilivyo desturi. Watu wakishatulia, yeye aliivuta ile laptopu chini ya blanketi, akapunguza sauti, akaweka sikio. Siku ya kuanua matanga wenzake walifagia nyasi zote na kuzitupa nje. Mama mkwe alisema kisibaki hata kijiti, kwamba msiba ukiachiwa mahali pa kulala hautoki. Anatolia alizibakiza za upande wake wa kitanda, akaendelea kulala hapo chini.

"Ilikuwa na joto," alisema. "Pale ubavuni. Sikujua kwamba ni ugonjwa wake. Mimi lile joto nililipenda."

Gamaliel alikuwa na jawabu tayari, jepesi kabisa: kwamba nyasi ndizo zilizoharibu kila kitu, na sauti imepotelea humo. Mama huyu angeamini. Angerudi Kagoma akijilaumu mwenyewe na mama mkwe wake akimlaumu zaidi, na fundi angebaki na jina lake.

"Nyasi zimeizimisha tu," alisema. "Hazikufuta kitu. Sauti nimeifuta mimi."

Anatolia aliisukuma ndoo kando kwa mguu.

"Nilisafisha mashine bila kukuuliza. Na uliponiuliza asubuhi, nikakudanganya. Haikuwa inaendelea vizuri."

Mama yule alivua kilemba chake, akakitazama kana kwamba si chake, akajifunga tena. Fundo likakataa kukaa. Gamaliel aliogopa. Alitamani atukanwe, alikuwa amejiandaa kutukanwa.

"Hata hospitali walisema hivyo," Anatolia alisema hatimaye. "Anaendelea vizuri. Yeye ndiye aliyeniambia kweli. Aliniambia akiwa amekaa kitandani, akataja na jina la ugonjwa, mimi nikaziba masikio." Akaigeukia laptopu. "Yote, fundi? Umefuta yote?"

"Sijui."

"Hujui vipi, na wewe ndiye uliyefuta?"

Hapo Gamaliel alivuta kigoda akakaa karibu naye, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kumfanyia mteja. "Nyumbani kwenu mkitandika nyasi mpya bila kutoa za zamani, za chini zinakwenda wapi?"

"Zipo. Hazionekani tu."

"Basi ni hivyo. Kufuta kwangu kumeficha. Kinachoua ni kile kipya kinachowekwa juu yake, na huo mfumo mpya kila mara ulikuwa unafia njiani, haujafunika nyumba nzima. Ungepakia mpaka mwisho, ukaanza kuitumia, leo nisingekuwa na la kukwambia. Huko ndani kabisa huenda kuna kitu. Huenda. Sikuahidi."

Anatolia aliinua kile kiota kwa vidole viwili, akakifungia ndani ya leso yake. Gamaliel hakuthubutu kumuuliza anakipeleka wapi.

Ilimpasa kuichomoa diski na kuiunganisha na kompyuta yake kubwa, kisha kungoja programu ya kufufua mafaili, ambayo rafiki yake Datius aliituma kutoka Mwanza kwa meli. Wakati wa kungoja alijikuta akiwauliza wateja wengine swali jipya: mna nini humo, na mnakihitaji? Walimtazama kama mtu aliyeanza kuumwa. Programu ilipofika aliifanyia kazi akiwa amefunga mlango wa mbele, na kila kipande cha sauti kilichoibuka alikifungua kwa kuogopa. Vingi vilikuwa mkwaruzo mtupu. Vingine vilikuwa kimya tangu mwanzo hadi mwisho. Kimoja kiligoma kabisa kufunguka, naye akakihangaikia hadi akachomoa vipuri vya kompyuta yake mwenyewe, bila mafanikio.

Anatolia alirudi na mtoto mgongoni. Alimshusha, akamkalisha kwenye benchi. Kokuhirwa alikuwa na paji pana na macho ya kukagua, akaanza kuzihesabu redio zilizotundikwa ukutani kwa namba zake mwenyewe.

"Kimepatikana kipande kimoja," alisema Gamaliel. "Kimoja tu, Mama Koku. Mengine yamekwenda, na ni mimi niliyeyapoteza."

Akampa vipokea sauti vya kuvaa kichwani. Mama yule alirudi nyuma hatua moja.

"Sikiliza wewe kwanza," alisema. "Kama si yeye, usinipe."

"Mimi sikumjua."

"Sikiliza tu. Uniambie."

Gamaliel alivaa. Alikuwa ameshakisikiliza, lakini mbele ya macho ya yule mama kilikuwa kigeni kabisa. Ulisikika msukosuko wa kitu kinachosogezwa. Kuku aliita mbali. Kiti kililia. Mtu alivuta pumzi ndefu, akakohoa, kikohozi kirefu cha kifua kilichochakaa, akatulia. Kisha kipande kikakatika.

"Anasemaje?"

Gamaliel alitafuta neno la kuongeza, lolote, jina la mtoto hata mara moja, na akaona aibu kwamba alilitafuta.

"Hasemi kitu," alisema. "Anakohoa tu."

Anatolia alinyoosha mikono miwili kuvipokea. Alivivaa juu ya kilemba, akasimama wima. Gamaliel alibonyeza, akageukia ukuta ili asimtazame. Nyuma yake akasikia sauti ambayo hakuitarajia: mama yule alikuwa amecheka, kicheko kifupi kilichovunjika katikati.

"Ndiye," alisema. "Ndivyo alivyokuwa akianza. Alikohoa kwanza, halafu ndipo akasema."

Akavua, akamwomba Gamaliel aitoe sauti kwenye spika ili na mtoto asikie. Fundi alichomoa waya. Kokuhirwa aliacha redio zake akageuka.

"Rudia," alisema Anatolia.

Kiti kililia, kuku akaita, mtu akavuta pumzi, akakohoa, akatulia.

"Rudia, waitu."

Gamaliel akarudia. Mtoto alikuwa ameshuka kwenye benchi na kusogea hadi kwenye spika, kichwa kimeinama upande, na kila kikohozi kilipokwisha wote watatu walinyamaza wakingoja aanze kusema.