Ng'ombe Asiyezeeka

Bi Qabale hakuwa na shaka hata chembe. Ng'ombe wake aliyepotea wakati wa ukame, miaka minne iliyopita, alikuwa amemwona kwa macho yake akila majani katika kundi la mzee Galgalo, upande wa Tarasaa. Rangi ya kijivu, baka jeupe kifuani, mkato wa ukoo sikioni. Alikuwa wa mwisho katika uzao wa ng'ombe aliyepewa siku ya harusi yake. Asipompata, uzao huo umekwisha.

"Hajabadilika hata kidogo," alimwambia mwanawe Sadik, mwalimu wa sayansi mjini Garsen.

Sadik akaweka kikombe chini. "Hata kidogo, Mama?"

"Hata kidogo! Yuko vilevile alivyokuwa."

Mama aliona jibu hilo limemaliza mambo. Sadik lilimtia wasiwasi.

Kesho yake walifika bomani kwa Galgalo pamoja na Abdinur, kaka yake Qabale, aliyekuja kuwa shahidi na ambaye tayari alikuwa amekasirika.

"Huyu alizaliwa hapa hapa," Galgalo alisema kwa utulivu.

"Na sikio?" Abdinur akamrukia. "Mkato huo ni wetu!"

"Kwani mimi ni wa ukoo gani? Ulitaka nikate mkato wa jirani?"

"Mjomba, hapo ana haki," Sadik alisema. "Mkato unatuambia ukoo, hautuambii boma."

Abdinur akacheka kwa kejeli. "Mwalimu huyu! Siku moja atamdai mama yake kitambulisho."

"Sadik, hii ni akili ya kawaida," Qabale alisema. "Mtu anamjua ng'ombe wake."

"Anamjua, Mama. Lakini pia hukosea, na hiyo nayo ni akili ya kawaida. Sitilii shaka kila kitu. Huyu ni ng'ombe, sibishani. Natilia shaka penye sababu tu, na sababu umenipa wewe mwenyewe. Miaka minne imepita. Wewe umeota mvi, mimi nimeota kitambi. Yeye peke yake ndiye hakuguswa?"

Hata Galgalo alicheka. Qabale hakucheka. Alikuwa akimtazama ng'ombe kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

Sadik alimshika ng'ombe pua, akamfunua mdomo. Wote walisogea. Meno manne makubwa mbele, mengine bado ya utotoni. Hakuna mfugaji aliyehitaji kuelezwa kwamba huyu bado ni mchanga. Aliyepotea alikuwa tayari na mimba. Leo angekuwa na meno yote, tena yaliyolika.

"Basi si yeye," Qabale alisema polepole, akaketi juu ya gogo.

Abdinur alimgeukia mpwa wake. "Umefurahi sasa? Umempokonya mama yako ng'ombe."

"Bado sijamaliza," Sadik alisema. Alimwinamia mama yake, akamwuliza jambo sikioni; naye akajibu kwa kunong'ona. Ndipo akamwendea Galgalo. "Mzee, mama yake ng'ombe huyu alitoka wapi?"

"Ah, huyo aliingia kundini mwangu wakati wa ukame. Nilimtangaza msikitini, hakutokea mtu. Akazaa, akaishi mwaka mmoja, akafa."

"Alikuwa na alama yoyote?"

"Chuchu ya nyuma kushoto ilikuwa imekufa. Kupe."

Qabale akasimama. Hilo hasa ndilo alilomnong'oneza mwanawe.

"Mbona hukusema tangu mwanzo?" Abdinur aliuliza.

"Mmekuja mkisema huyu ni wenu. Nani aliniuliza habari za mama yake?"

Mengine yalikuwa mepesi. Ndama ni wa mwenye mama yake, hilo halikubishaniwa na yeyote. Mtamba waliyemjia naye alikuwa na mimba. Wakakubaliana Qabale amchukue, na ndama atakayezaliwa awe wa Galgalo kwa malezi yake. Walikunywa maziwa, Galgalo akawasindikiza hadi barabarani.

Njiani kurudi Garsen, Qabale alitembea kando ya ng'ombe, mkono mgongoni mwake.

"Nilikuambia namjua."

"Ulimjua mama yake."

"Ni kujua huko huko."

Sadik alilipima hilo, akaona lina ukweli nusu. Walipofika penye kivuli, mama yake akasimama, akamfunua ng'ombe mdomo, akayahesabu meno kwa kidole, moja moja.

"Huniamini?"

"Nakuamini," Bi Qabale alisema, akijifuta mate ya ng'ombe kwenye leso. "Lakini na wewe ni binadamu."