Mama Mkwe na Chupa ya Mafuta

Daktari alipoigeuza karatasi ya vipimo ili mzee aisome mwenyewe, mzee alicheka, akidhani amepewa ya mtu mwingine. Mafuta kwenye damu yake yalikuwa karibu mara mbili ya kiwango cha kawaida.

"Mimi?" aliuliza. "Mimi niliyetambaa chini ya malori miaka thelathini?"

Alikuwa fundi wa breki, na mtaa mzima ulimwita Mzee Breki. Aliyempeleka hospitali siku hiyo ni mkamwana wake, mwanamke dobi, aliyeishi nao nyumba moja pamoja na mumewe. Ndiye pia aliyefikisha maagizo ya daktari jikoni kwa mama mkwe: kuanzia leo, kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwa sufuria nzima, au yasiwekwe kabisa.

Mama mkwe alisikiliza, akaitikia kwa kichwa. Jioni ile ile akamimina mafuta kwenye dengu mpaka yakaelea.

Dobi aliyaona, akadhani ni kusahau. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Kwa kweli dalili alikuwa ameshaziona kwenye beseni lake la kufulia: mashati ya baba mkwe yalikuwa yakija na madoa ya mafuta kifuani, mapana kuliko ya zamani, naye akiyasugua bila kusema neno. Sasa alishindwa kunyamaza.

"Mama, daktari alisema..."

"Daktari nimemsikia, na wewe nimekusikia. Nimepika miaka arobaini, hakuna aliyewahi kurudisha sahani yangu."

Hilo lilikuwa kweli. Mapishi yake yalisifika hadi mtaa wa pili, na wageni wa nyumba ile walijua saa ya kupiga hodi.

"Mama yako anataka tumzike baba?" dobi alimuuliza mumewe. Mume alikasirika, wakanuniana siku mbili.

Alhamisi pasi ya dobi iliungua waya, akafunga duka na kurudi nyumbani saa tano asubuhi. Alipofungua mlango tu, harufu ya gesi ikampiga usoni kama kofi. Akakimbilia jikoni. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya jiko, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, kiberiti mkono mmoja na njiti mkono wa pili, akiimba kwa sauti ya chini.

"Mama! Usiwashe!"

Hakungoja jibu. Aliurukia mkono ule, kiberiti kikaanguka, njiti zikatawanyika sakafuni. Akafunga mtungi, akasukuma dirisha, akamburura mama mkwe hadi nje.

"Una wazimu?" mama mkwe alifoka. "Unanipiga nyumbani kwangu?"

"Gesi, Mama! Nyumba nzima inanuka gesi!"

Mama mkwe akaugeukia mlango wa jikoni. Akavuta hewa. Akavuta tena, kwa nguvu zaidi. Uso ukamsawajika.

"Inanuka?" aliuliza polepole. "Kweli inanuka?"

Dobi akaketi pale pale kwenye ngazi. "Mama... tangu lini?"

"Tangu ile homa ya mwaka juzi. Niliamka siku moja, sabuni hainuki, vitunguu havinuki. Nikadhani yatapita." Alikuwa akiutazama mkono wake uliokuwa umeshika kiberiti. "Chakula kikawa kama karatasi iliyolowa. Mafuta tu ndiyo ninayoyasikia, yakiteleza ulimini. Nikiyazidisha, najua angalau kuna kitu mdomoni. Sasa ningewaambia nini? Mpishi asiye na pua? Mngeninyang'anya jiko."

Dobi hakujua acheke au alie. Miaka miwili walikuwa wakila na kujilamba vidole, na aliyepika hakusikia harufu yake.

"Chumvi unaisikia?" aliuliza hatimaye.

"Naisikia."

"Ndimu? Pilipili?"

Mama mkwe akafikiri. "Pilipili niliacha kutia, mzee inamkera. Ndimu sijajaribu."

Hewa ilipokuwa safi waliingia jikoni pamoja. Dobi alitoa pua, mama mkwe akatoa macho, masikio na ile miaka arobaini. Walikaanga bizari nzima kwenye kikaango kikavu, dobi akanusa mpaka akasema "sasa". Vitunguu wakavikaanga bila tone la mafuta.

"Sikiliza," mama mkwe aliagiza. "Vinalia. Vikinyamaza, vinataka kuungua. Tia maji kijiko kimoja, ukwangue chini."

Vikageuka rangi ya kahawia. Nyanya wakaziacha zikauke hadi zikawa uji mzito, ndipo wakatia kitunguu saumu, tangawizi nyingi, pilipili kidogo na dengu. Ndimu waliikamulia mwisho, moto umeshazimwa.

Mama mkwe akaonja. Akaganda, kijiko mdomoni, machozi yakimlengalenga. Dobi akadhani amejiunguza.

"Inanichoma!" mama mkwe alipiga kelele. "Tangawizi inanichoma koo! Na hii ndimu... nimeisikia, mwanangu! Nimeisikia!"

Mchana Mzee Breki alimaliza sahani, akaomba nyingine, akauliza leo kuna nini humu. Mkewe akamwambia yote, bila kuruka kitu. Mzee akaweka kijiko chini.

"Miaka miwili? Na tunalala kitanda kimoja?"

"Nilikuwa naona haya, baba watoto."

"Na yale manukato niliyokununulia?"

"Chupa yake ni nzuri sana."

Hakuna aliyecheka. Mzee alimtazama mkewe kama mtu anayetambulishwa kwake kwa mara ya kwanza.

Vipimo vyake vya pili vilishuka, si sana, lakini vilishuka. Siku hiyo hiyo walimpeleka mama mkwe kwa daktari wa pua, naye akasema huenda harufu ikarudi, huenda isirudi. Mzee alitoka nje, akasimama kwenye korido akiuelekea ukuta. Dobi alimfuata.

"Kila siku nilikuwa namwambia chakula kinanukia," mzee alisema bila kugeuka. "Kila siku, mwanangu. Naye anatabasamu."