Kilo Zilizogoma

Niseme mapema: mimi si mtu wa kuonewa huruma. Ukija kwangu hapa Nyanungu umekunja uso kwa huzuni, nakurudishia huzuni yako hapo hapo getini uondoke nayo. Ila magoti yangu yamekufa kabla yangu, na hilo siwezi kulificha. Nakaa kwenye kiti mlangoni asubuhi mpaka jioni. Zizi naliona, harufu ya ng'ombe naisikia, lakini kufika kwenyewe siwezi. Nina ndama ambao sijawahi kuwashika mgongo. Choo chenyewe napelekwa kama mzigo.

Daktari wa mifupa kutoka Mwanza alinipima alipokuja Tarime mjini mwaka jana. Kijana mdogo, miwani mikubwa. Aliniambia bila kupepesa macho, "Mama, haya magoti tutakubadilishia yote mawili. Lakini si kwa uzito huu. Nikirudi mwakani, uwe chini ya kilo tisini. Ukizidi hata kidogo sikuchukui, kwa sababu wagonjwa ni wengi kuliko vitanda. Na goti la kushoto halitangoja safari ya tatu."

Nilikuwa na kilo mia na kumi na nane. Nikacheka, kisha nikaona yeye hacheki.

Basi nikaanza. Sukari nikaiacha, soda nikaiacha, ugali ukawa wa kiganja kimoja. Watu wakasema nitashindwa, nami mtu akiniambia nitashindwa ndiyo kwanza amenitia moto. Kilo zikaanguka. Blauzi zikaning'inia. Kabla mvua za vuli hazijakatika nilikuwa na tisini na tatu. Niliimba hapa kitini mpaka mbwa wakashangaa.

Halafu zikagoma.

Mizani ya karibu ni ya Nyangwine, mnunuzi wa mahindi, ile ya chini ya kupimia magunia. Bodaboda inanipeleka, vijana wawili wananishika makwapa, napandishwa pale juu mbele ya wateja. Wiki ya kwanza, tisini na tatu. Wiki ya pili, tisini na tatu. Mwezi ukaisha, mwingine ukaisha, tisini na tatu. Nyangwine naye ana mdomo.

"Bibi Mokami, hili gunia lako halipungui wala haliongezeki. Ningelinunua zamani."

"Mura, kijana wangu, nunua basi, ukalibebe mgongoni mpaka Sirari," nikamwambia. Lakini nilikuwa nataka kulia.

Nikampigia Elieth, muuguzi wetu wa zahanati, nikamgombeza kama yeye ndiye aliyezishikilia. Akaniacha nimalize. "Mama, mwili umezoea," akasema. "Ulikuwa unakula kingi, ukapunguza, mwili ukashtuka, ukatoa. Sasa umejifunza kuishi kwa hicho kidogo. Inatokea kwa kila mtu. Usikate tamaa na usijinyime zaidi ya hapo. Fanya mazoezi ya mikono ukiwa umekaa. Utatoka hapo."

Nikafanya. Nilinyanyua chupa za maji juu chini, juu chini, wapita njia wakidhani nimerukwa na akili. Tisini na tatu.

Ninyi hamjui ilivyo. Ukishindwa kwa uvivu, unajua ulipokosea. Mimi nilikuwa nalala na njaa, naamka na njaa, na namba ile ile inanikodolea macho. Nyuma siwezi kurudi, mbele siendi. Kiti hiki hiki, mlango huu huu. Siku nyingine nilitamani kukitupa kiti motoni, ila mtu wa kunisimamisha ili nikitupe ni lazima niite.

Na wa kumwita ni Tabitha.

Tabitha ni mke wangu. Wageni mtashangaa, Wakurya hawashangai. Nilizaa mabinti wanne, wote wakaolewa wakaenda, wa kiume sikupata. Mume wangu akafa. Mwanamke wa namna hiyo kwetu hakai kulialia, anatoa ng'ombe anaoa msichana, watoto atakaozaa wanakuwa wa mji huo. Ndiyo nyumba ntobhu. Nilitoa ng'ombe wangu kwa mkono wangu, nikamleta Tabitha kutoka Kisaka, akanizalia Werema na dada yake Sabina. Ananiita mama. Ananiogesha, ananipikia, na simsikii akiguna.

Yeye ndiye aliyekuwa akinipikia mgagani wangu, bila mafuta, kama Elieth alivyoagiza. Siku moja akaniletea sahani, na kabla sijagusa simu ikalia. Alikuwa binti yangu mmoja, tukagombana kama kawaida yetu, tukagombana sana, na nilipokata simu chakula kilikuwa kimepoa. Nikatazama ile sahani. Pembeni ya mboga kulikuwa na kitu cheupe kimeganda. Nikatia kidole, nikalamba.

Samli! Samli ya ng'ombe wangu mwenyewe!

"Tabitha!" Nilivyoita, kuku walikimbia. Alipokuja nikamwonyesha kidole. "Hii nini? Tangu lini?"

Hakukataa. Alipiga magoti pale chini.

Mimi nikamaliza kila tusi ninalolijua kwa Kiswahili, nikahamia Kikurya. Nikamwambia ni nyoka. Nikamwambia najua anachotaka, anataka nioze kwenye kiti ili yeye awe bibi wa mji, awaingize wanaume anaowataka bila mtu wa kuinuka kuwaona. Nikamwambia miezi yote ile nimelala njaa nikimlaani Mungu, kumbe mchawi yuko jikoni kwangu.

Akaacha niseme. Kisha akasema taratibu, "Mama, unajua wanavyosema huko nje?"

"Wanasema nini?"

"Mwanzo walisema umekanyaga miwaya, una ukimwi. Halafu wakasema hapana, ni Tabitha. Baba mdogo Wangwe anasema hadharani kwamba ninakunyima chakula ufe nirithi ng'ombe. Wengine wanasema nakutilia sumu kidogo kidogo. Kisimani hawanisalimii. Mama, ukifa umekonda hivyo, watanifanyaje? Watachukua watoto, mimi nitafukuzwa kwa fimbo, nisipochomwa moto. Wewe ukiwa mnene, mimi ni mke mwema. Unene wako ndio shahidi wangu. Sina mwingine."

Wangwe ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Tangu kaka yake azikwe anautazama mji huu kama fisi anavyomtazama mbuzi mgonjwa. Watoto wa Tabitha ndio walimziba njia.

Nilikuwa nimejiona mimi ndiye niliyefungwa, mimi peke yangu na kiti changu. Kumbe mwenzangu alikuwa amebanwa pabaya kuliko mimi. Mimi nikipungua naona njia. Yeye nikipungua anaona fimbo.

"Inuka," nikamwambia. "Inuka, nimesema. Samli basi. Mimi nitapata miguu, na siku nikipata miguu nitatembea mpaka kwa Wangwe nikamtandike makofi mbele ya wake zake, kisha tuone nani atasema unaniua. Nivumilie mpaka daktari aje. Sawa?"

"Sawa, mama."

"Na wewe ni mjinga sana."

"Ndiyo, mama." Akacheka huku analia, nami nikamfukuza akalete mboga nyingine.

Samli ilipotoka, kilo hazikukimbia kama nilivyodhani. Zilishuka kwa kinyongo, robo, robo, wiki nyingine hakuna. Nilishapata wa kumlaumu na bado namba ilinichezea. Elieth aliniambia, "Si samli peke yake, mama, nilikwambia mwili ni mkaidi. Kama wewe." Nikakaza meno. Tisini na moja. Tisini na moja tena. Tisini kamili, Nyangwine akapiga mluzi. Jumamosi ya mwisho kabla ya daktari kurudi Tarime, nilipandishwa kwenye ile mizani na mshale ukasimama chini kidogo ya tisini. Kidogo tu, lakini chini. Nyangwine hakutania siku hiyo. Alinipa mkono, akasema, "Hongera, mama."

Daktari alikuwa anapokea watu Jumatatu asubuhi. Elieth akanionya: Jumapili uji mwepesi tu na maji kidogo, maana chakula kizito kinalala tumboni, na mizani haijui kutofautisha nyama yako na ugali.

Jumapili watu walipotoka kanisani, Wangwe akaingia getini.

Hakuja peke yake. Alikuja na Mogesi, dada mkubwa wa marehemu mume wangu, mwanamke ambaye neno lake katika ukoo halivukwi, na wazee wawili nyuma yake. Nikajua. Watu wa ukoo hawaji wanne wanne kuulizia hali ya hewa.

"Shikamoo, wifi," nikamsalimu, maana kwa umri ananizidi sana.

"Marahaba." Akanitazama juu mpaka chini, polepole. Shingo. Mikono. Blauzi inayoning'inia. "Mokami, umeisha."

"Nimepungua kwa kutaka. Ni amri ya daktari, kwa ajili ya magoti. Kesho naenda."

"Kila siku daktari," Wangwe akadakia. "Dada, nilikwambia. Ng'ombe hashindwi na nundu yake. Unene ulikuwa wake, haukuwa unamsumbua. Nani alimwambia autoe?"

"Ng'ombe ana miguu minne, Wangwe. Mimi ninayo miwili, na yote mibovu. Ungekuwa na akili ungeliona hilo."

Mogesi akainua mkono, tukanyamaza wote. "Sikuja kusikiliza midomo," akasema. "Midomo nimeisikia ya kutosha. Nimekuja kula kwa Mokami. Mke wake apike, tule naye."

Kama wewe si wa kwetu, nikueleze. Mwenye mji akikataa chakula cha mke wake mbele ya watu wa ukoo, hajasema kwamba hana njaa. Amesema simtaki huyu, mkono wake siuamini. Amemshtaki. Hapo hakuna maelezo ya daktari. Mogesi alilijua hilo, Wangwe alilijua, na Tabitha aliyekuwa amesimama mlangoni na Sabina mgongoni alilijua kuliko wote.

Akachinja jogoo. Akasonga ugali wa muhogo na mtama. Alipotenga, aliwatengea wageni sinia kubwa, mimi akaniwekea kibakuli changu cha uji.

Mogesi akakishika kile kibakuli, akakiinamisha kidogo ili wazee waone ndani. "Hiki ndicho unachompa mama yako?"

"Bibi, kesho hospitali wanampima..." Tabitha akaanza.

"Nakuuliza, hiki ndicho?"

Wangwe alikuwa ameshageuza macho anawatazama watoto. Alimtazama Werema kama mtu anayechagua ndama mnadani. Nilihesabu kichwani, haraka. Nikila nitapita tisini. Kesho yule kijana wa miwani atatikisa kichwa, atamwita mwingine. Goti la kushoto halingoji. Kiti hiki ndicho nitakachofia. Nisipokula, jioni hii hii Tabitha anatoka getini bila watoto, na mimi nitatembea, nitatembea vizuri sana, ndani ya mji mtupu.

Nilitafuta njia ya tatu. Jamani, nilitafuta. Mimi ninayejua kujibu kila mtu nilikaa pale, na watu wanne wananitazama, na hasira imenijaa mpaka masikioni, nisijue nimtupie nani.

"Kibakuli ni cha asubuhi," nikasema. "Huyu anajua mchana nakula nini. Tabitha, niletee chakula changu."

Hakusogea.

"Umekuwa kiziwi? Leta."

Akaleta. Nikanawa. Nikakata tonge, nikalichovya kwenye mchuzi, nikameza. Mwaka mzima sikuwa nimekula hivyo, na aibu yangu ni kwamba kilikuwa kitamu. Machozi yalitaka kunitoka kwa utamu na kwa uchungu pamoja, nikajifanya pilipili imenikereketa. Nikala paja. Nikala ugali mpaka sahani ikaonekana chini. Mzee mmoja akaguna kwa kuridhika. Mogesi alikuwa ameacha kula, ananitazama tu.

"Wangwe," akasema, "mbona huyu anakula vizuri?"

Wangwe akashika mfupa, akajibu, "Leo anakula kwa sababu tupo."

Mogesi akanigeukia tena. Bado alikuwa anangoja.

Tabitha akaja kuninawisha. Aliinama karibu na sikio langu, birika mkononi, akaninong'oneza, "Mama, inatosha. Acha. Kesho, mama. Magoti."

Nikarudisha mikono yangu kabla maji hayajaigusa. Nikasema kwa sauti, wasikie wote mpaka zizini:

"Tabitha, tangu lini unaninawisha sijashiba? Ongeza."

Akanitazama. Nikamkazia macho.

Akaongeza.