Jarida Chini ya Gundi

Mama Gundi alikuwa na tabia ambayo fundi yeyote wa kujalidi vitabu angemsamehe: karatasi hakuisoma, aliitandika. Kila mwezi jarida la wafanyakazi wa maktaba ya chuo lilipotoka, alichukua nakala tatu nne pale mapokezi, akashuka nazo hadi chumba chake cha chini, akazitandaza mezani ili gundi isiharibu mbao. Habari za Wafanyakazi upande huu, Miradi Inayoendelea upande ule, na katikati kitabu kilichokatika uti kikingoja sindano. Ukurasa ukilowa, alitandika mwingine juu yake. Alifanya hivyo miaka kumi na tisa.

Mwezi wa kumi alichukua likizo akaenda kwa binti yake aliyejifungua. Alirudi na picha ya mjukuu kwenye mfuko wa aproni, na njia nzima ya ile picha alikuwa ameshaipanga kichwani: itaanza kwa mlinzi, ipite kwa dada wa mapokezi, imalizie kwenye chumba cha chai. Ikakwama kwa mlinzi.

"Karibu mama! Ndiyo vizuri hivyo, kutukumbuka," mlinzi alisema, akamsogezea daftari la wageni. "Andika hapa jina na saa ya kuingia."

Mama Gundi alicheka akidhani ni utani wa kumpokea, akaandika. Penye sababu ya ziara akaandika "kazi". Mlinzi hakutazama.

Kwenye chumba cha chai alikuta kikombe chake kimejazwa vijiko. Alikuwa bado anavitoa kimoja kimoja mkurugenzi alipopita, mtu wa tabasamu pana na miguu ya haraka. "Mstaafu wetu!" alisema. "Mapumziko yamekukubali kweli kweli." Kabla Mama Gundi hajafungua kinywa, tabasamu lilikuwa limeshafika koridoni.

Ndipo, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, alipolichukua jarida akalisoma. *Fundi wetu wa kujalidi, Mama Gundi, amestaafu ili amlee mjukuu wake wa kike. Aliagwa kwa chai na keki, akazawadiwa saa ya ukutani. Tunamtakia mapumziko mema.* Upande wa pili, kwenye Miradi Inayoendelea, waliandika kwamba mashine ya kupiga picha vitabu vikuukuu itafungwa Jumatatu ijayo katika chumba cha kujalidi, ambacho kwa sasa ni kitupu.

Alielewa mara moja ilivyokuwa. Jarida liliandikwa na katibu wa mkurugenzi, kijana mwepesi wa vidole, na kila mwezi alichukua la zamani akabadilisha majina tu. Alisikia kwamba Mama Gundi amekwenda kwa mjukuu, akajumlisha moja na moja akapata tatu. Chai, keki na saa vilikuwa vya mstaafu wa mwaka jana.

"Saa gani?" Mama Gundi aliuliza ukuta wake mtupu. "Hata mshale wake sijauona."

Alikuwa amebakiwa na mwaka mmoja na miezi minne kazini. Ngazi za kwenda juu ni ishirini na mbili. Kupanda na kusema "jamani, nipo" kungemchukua dakika tano. Lakini moyo ulikuwa umemkaa vibaya. Hata kuku wa mtu asiporudi jioni hutafutwa, alijiambia, na mtu mzima hapiti akijitangaza kwamba yu hai. Akaamua kunyamaza aone nani atashtuka. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga. Lakini wahenga hawakuwahi kufanya kazi chini ya maktaba.

Jumanne alijiandikisha tena kwenye daftari la wageni, na Jumatano vilevile. Vitabu vilivyochanika viliendelea kushuka kwenye lifti ndogo ya vitabu, vikarudi juu vimeshonwa, vimepigwa gundi, vimebanwa vizuri, na hakuna aliyejiuliza ni mkono wa nani. Alhamisi dada wa mapokezi alimpita kwenye ngazi akamwamkia, "Shikamoo mama, umekuja tena? Utakuwa umetumiss!" Akaitikia "Marahaba mwanangu," mkono uko mfukoni juu ya picha, na dada akaendelea zake. Usiku ule binti yake alipopiga simu na kuuliza wenzake wamesemaje kuhusu mtoto, Mama Gundi alisema wamefurahi sana. Akatunga mpaka maneno yao. Baada ya simu alikaa kitandani akajionea huruma, na hakujizuia.

Ijumaa mchana alikuta karatasi za juu za meza zimejikunja kwa gundi ya wiki nzima iliyokauka. Akazibandua tabaka baada ya tabaka hadi akafikia iliyolala sawa, akaweka kopo la gundi pembeni, akaanza kazi. Ilikuwa saa tisa na nusu aliposikia hodi.

"Karibu," alisema, na sauti ikamtoka kama mlango usiotiwa mafuta.

Aliyeingia alikuwa mpanga vitabu wa ghorofa ya tatu. Walimwita Bwana Kimya, kwa ajili ya kibao kilichotundikwa juu ya rafu zake kikiwa na neno hilo, na kwa sababu alikitii kuliko wanafunzi. Miaka yote hiyo yeye na Mama Gundi walikuwa wakisalimiana kwenye ngazi tu. Mkononi alishika kitabu, amekifungua jalada la nyuma, mahali ambapo Mama Gundi hubandika kijikaratasi chenye tarehe kila anapomaliza kazi.

"Hiki kina tarehe ya jana," alisema. "Mtu aliyestaafu mwezi uliopita hawezi kushona kitabu jana."

"Umehesabu vizuri."

"Sasa mbona husemi? Jumatatu wanaleta mashine humu."

"Nilikuwa nangoja niulizwe." Alipojisikia akilisema, lilionekana jambo la kitoto, lakini ndilo lilikuwa kweli.

Bwana Kimya alitikisa kichwa polepole. "Haya. Mimi nimeuliza. Na mjukuu, hajambo?"

Mama Gundi alitoa picha. Pembe zilikuwa zimeshalegea kwa kushikwashikwa mfukoni. Bwana Kimya alifuta vidole kwenye shati kwanza, kama anavyofanya mtu wa vitabu, akaishika kwa ncha, akaitazama sawasawa. Akasema mtoto ana paji la uso la bibi yake. Halafu akainama kuiweka mezani mahali pakavu, na hapo mkono wake ukasimama hewani.

"Hili ni la mwezi wa tatu," alisema.

Mama Gundi alifuata macho yake. Kwenye tabaka lililofunuka, katika Habari za Wafanyakazi, palikuwa na mistari miwili: *Mpanga vitabu wa ghorofa ya tatu amefiwa na mkewe. Maktaba inampa pole.* Alama ya duara ya kopo la gundi ilikuwa imelizunguka neno "mkewe".

Aibu ilimpanda hadi masikioni. Akakumbuka ngazi. Miezi minane alikuwa akipishana na mtu huyu akimuuliza, "Habari za nyumbani?", naye akijibu, "Nzuri."

"Sikusoma," alisema.

"Najua. Ungesoma ungekuja." Alisema bila lawama, na hilo ndilo lilimuumiza zaidi. "Wiki ya kwanza nilingoja. Ya pili nikangoja kidogo. Kisha mtu huacha, anapanga vitabu."

Mama Gundi alimtazama, akamwona mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amebakiza siku chache tu awe. Akaogopa. Ofisi ya mkurugenzi hufungwa saa kumi, na Ijumaa haingoji mtu. Akiwahi sasa hivi, atamkuta. Akavua aproni.

"Pole, bwana," alisema akiwa ameishika mkononi. "Pole sana. Nimechelewa miezi minane."

"Nimeshapoa," alijibu Bwana Kimya, kama watu wanavyojibu. Lakini hakuondoka. Alibaki ameshika ukingo wa meza, akiwatazama wale watu wawili wa karatasi, yeye na mkewe, waliobaki mistari miwili.

Mama Gundi aliitundika aproni msumarini. Akaondoa rundo la vitabu kwenye kiti cha pili, ambacho hakikuwa kimekaliwa na mtu tangu mwaka jana, akakisogeza.

"Kaa," alisema. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Msemaji," alisema Bwana Kimya, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Alikuwa akisema kwa ajili yetu sote wawili."

Akaanza kusimulia. Alikuwa mzito mwanzoni, akirudia maneno, kisha yakaja yenyewe. Juu ya vichwa vyao viti vilisogezwa, madirisha yakafungwa, na miguu ya haraka ya mkurugenzi ikavuka sakafu hadi mlangoni na kupotea. Mama Gundi aliisikia vizuri. Hakuinuka.

Jumatatu mashine ililetwa mapema, ndani ya sanduku kubwa lililobebwa na mafundi wawili, mkurugenzi akiwaongoza huku akiwaambia waingize tu, chumba ni kitupu. Ndani Mama Gundi alikuwa ameketi mezani, sindano mkononi, na sentensi aliyoifanyia mazoezi Jumapili nzima ikiwa tayari ulimini. Hakupata nafasi ya kuisema. Bwana Kimya alikuwa amesimama mlangoni tangu saa moja.

"Tueni hapo hapo nje," alisema, kwa sauti ambayo ghorofa ya tatu haikuwahi kuisikia. "Chumba hiki kina mtu."