Mlango Usiokubali Kumfungia Fundi

Saa moja kasoro robo asubuhi, mahabusu wa chumba namba nne walichuchumaa watano watano kuhesabiwa. Walikuwa sitini na watatu katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya watu ishirini, kwa hiyo mstari wa mwisho ulichuchumaa nusu ndani ya choo, na wenyewe walikuwa wamekwisha kuzoea. Afande Kifua alihesabu kwa ncha ya kalamu, akakosea, akaanza upya. Alipomaliza akatoka, akafunga mlango, akazungusha ufunguo mara mbili, akaondoka zake. Kufuli likasubiri apinde kona, likafunguka.

"Zamu ya nani?" akauliza Mjomba, nyapara wa chumba, ambaye zamani alikuwa dereva wa malori.

Wawili wakainuka, wakaenda kuegemeza migongo mlangoni ili usiachame.

Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mitano, tangu Fundi aletwe. Alikuwa mtu mfupi, mpole wa maneno, mikono imejaa madoa ya cheche. Milango yote kumi na mmoja ya gereza lile aliichomelea yeye, miaka minne kabla ya kukamatwa, alipokuwa kibarua wa mkandarasi. Aliambiwa afanye haraka, hakufanya haraka. Kila nondo aliipitishia tupa, kisha msasa, mpaka kiganja kikipita hakikwaruziki, maana alisema mfungwa naye ana mikono. Mkandarasi alimfokea mbele ya watu. Sasa milango ile ilipofungwa na yeye yumo ndani, ilifunguka. Walibadilisha kufuli mara tatu. La mwisho lilikuwa kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, likafunguka nalo. Hakuna aliyelifanya gumzo. Wakubwa wa gereza walikuwa na shida ya maji, na hiyo ndiyo iliyowaumiza kichwa.

Waliokuwa na wasiwasi ni wa chumba namba nne, kwa sababu ya shtaka lenyewe. Ghala moja la vitambaa lilikombwa lote, kufuli likakutwa zima, ufunguo mfukoni mwa mwenye ghala. Mlango ulikuwa umetengenezwa na Fundi. Polisi wakauliza, nani mwingine angeweza kuufungua bila kuuvunja? Siku hiyo Fundi alikuwa kitandani na homa, mkewe anamkanda kwa maji, lakini neno la mke wakasema halihesabiki.

"Wakisikia habari za mlango huu kule mahakamani, umekwisha," Mjomba alimwambia tangu mwanzo. "Watasema, si tulisema?"

Basi wakapanga zamu, wawili wawili, saa mbili mbili. Na katika watu sitini na watatu hakutoroka hata mmoja, kwa kuwa angetoroka mmoja, msala wote ungemwangukia Fundi. Mtu asikwambie hilo ni jambo dogo. Mle ndani mlikuwa na wanaume ambao watoto wao walijifunza kutembea bila wao kuona. Hata Kidole, mchopozi wa stendi, ambaye aliwahi kujiibia sabuni mfukoni mwake mwenyewe kwa kusahau, alitoka mara moja tu. Alikwenda mpaka kona ya jikoni, akasimama, akarudi, akachuchumaa mahali pake.

"Nimechungulia tu," alisema. "Msinitolee macho hivyo."

Mkewe Fundi, Mama Mapacha, alikuja kila Jumamosi na nguo safi zilizokunjwa zikakunjika.

"Baba Mapacha, si utoke tu? Lori la taka linatoka kila siku, na geti nalo umelitengeneza wewe."

"Nikitoka hivyo nitakuwa mwizi kweli."

"Kwani sasa hivi wewe ni nani?"

"Sasa hivi mimi ni mtu ambaye upelelezi wake haujakamilika."

Mama Mapacha alicheka, kisha akajifuta macho kwa mtandio. Kwenye ukuta wa karakana yao mtu alikuwa ameandika MWIZI kwa rangi nyekundu. Mama Mapacha alikuwa ameupaka chokaa mara nne, na mara zote nne nyekundu ile ilipenya. Fundi alitaka hakimu aseme kwa kinywa chake, watu wakisikia, kwamba hakuiba. Basi. Hakutaka kingine.

Mwaka huo wa tano hakimu akaja kukagua gereza. Alikuwa mama mwenye miwani ya kamba, yule yule aliyeiahirisha kesi ya Fundi mara arobaini na moja, na kila mara aliomba radhi. Mkubwa akija, amri ni wote wachuchumae mbali na mlango, hata wale wa zamu. Hakimu alisikiliza habari za maji na za kunguni, akatoka. Afande Kifua akafunga. Hakimu akasimama hapo hapo nje kuandika, na mlango ukafunguka mbele yake polepole, bila kelele, kwa kuwa bawaba zilikuwa nzuri.

Kidole akafumba macho. Hakimu akautazama mlango, akamtazama Afande Kifua. Afande jasho likamtoka. Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu.

Fundi akasimama. Mjomba akamvuta suruali akae, hakukaa.

"Mheshimiwa, afande hana kosa. Mlango huu nimeutengeneza mimi. Nikiwa ndani haufungiki."

"Tangu lini?"

"Tangu nije. Miaka mitano."

"Na hujatoka?"

"Sijatoka."

"Kwa nini?"

"Nakusubiri wewe, mheshimiwa."

Hakimu akavua miwani, akapitisha kiganja kwenye nondo, juu mpaka chini, kama mtu anayepapasa kitambaa dukani.

"Kazi nzuri," akasema kwa sauti ndogo. Kisha akaandika kwa muda mrefu.

Baada ya wiki mbili ikaja barua. Ilisema jambo la mlango ni jipya, nalo lipelelezwe, na kesi isimame mpaka upelelezi huo ukamilike. Ilisema pia kwamba mlango wa chumba namba nne ni mbovu, utengenezwe mwingine. Gereza zima lilikuwa na fundi wa kuchomelea mmoja.

Wakamtolea mashine uani, na nondo mpya. Mjomba akaomba ruhusa ya kumsaidia kushika, akachutama karibu naye.

"Nisikilize, mdogo wangu. Huu lipua. Choma juu juu, acha makwaruzo, usiutazame sana. Usipoupenda hautakujua. Hao wapelelezi wakija, wakukute umefungiwa barabara kama sisi wenzako, wakose la kuandika."

"Sawa, Mjomba."

Na kweli alijaribu. Nondo ya kwanza aliichomelea vibaya makusudi, akaiacha, akaenda kunywa maji. Aliporudi akaizunguka mara mbili, akaikata, akaichomelea upya. Ya pili hakujaribu hata kuiharibu. Siku ya nne Mjomba alimkuta amepiga magoti na tupa, analainisha usawa wa kifua, pale ambapo watu hushika wanapochungulia nje. Mjomba akasimama akamwangalia. Akaenda akamletea msasa.

Ijumaa wanaume wanane waliubeba mlango, wakaupachika. Afande Kifua akafunga, akazungusha ufunguo mara mbili. Kufuli likafunguka kabla hajauchomoa.

Afande akaurudishia mlango kwa mkono, taratibu, asije akakwaruza rangi.

"Fundi, tarehe yako imetoka," akasema kupitia kwenye nondo. "Kumi na nne."

"Ya mwezi gani, afande?"

"Mwezi hawajaandika."

Fundi akashukuru. Akalifua shati lake la kwendea mahakamani mchana huo huo, akalikung'uta, akalinyoosha mikono na kola, akalianika.