Gida Wote Mtu Mmoja

Mkuu wangu wa kazi, Renatus, ana ugonjwa wa kudharau kila asichokielewa. Nikimwambia natumia Git, chombo cha kutunza kila badiliko la programu, huniuliza kama nimehamia kijiji cha Gitting kulima. Ofisi nzima hucheka. Mimi sicheki.

Programu yetu ya vibali vya mifugo hatukuiandika sisi. Tunapewa bure na watu wa mbali, nao kila baada ya miezi michache hutoa toleo jipya. Hao waliamua mfugaji atambuliwe kwa kijiji chake na herufi nne za mwanzo za jina lake. Kwao labda inatosha. Hapa Hanang, kwa Wadatoga, majina ya wanaume wengi huanza na Gida, kwa hiyo akina Gida wote wa kijiji kimoja wakawa mtu mmoja. Nikalirekebisha hilo. Marekebisho yangu niliyaweka kwenye tawi langu, yaani nakala yangu ya pembeni, kando ya shina la wenyewe. Toleo jipya likija nalipokea kwanza kwenye shina, halafu naliunganisha na tawi langu taratibu, nikijaribu jina moja moja. Ni kazi ya siku mbili, na Renatus anaiita uvivu.

Mwezi wa kumi nilikwenda msibani Tumati. Toleo jipya likaja, na Renatus akalimwaga lote juu ya kazi yangu kama mtu anayemwagia nguruwe pumba. Niliporudi siku ya tisa, mzee Gidabuday wa Balangdalalu alikuwa amesimama mlangoni. Mfumo ulikuwa umemfanya Gidamis, jirani yake ambaye ng'ombe wake wamezuiwa kwa homa ya mapafu. Siku zote hizo alinyimwa kibali cha kuhamisha ng'ombe wake wazima kwenda kwenye maji, na ukame ule haukuwa wa mchezo.

Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia.

Renatus akasema mbele ya mzee kwamba mabadiliko yangu ndiyo yaliyoharibu mfumo. Nikamgeuzia kompyuta aone: mistari yangu yote imefutwa, na tarehe ni ya siku niliyokuwa makaburini Tumati. Nikarudisha tawi langu, dakika moja tu, na akina Gida wakatengana. Nilitaka sana kumwona Renatus akiaibika, na aliaibika. Nikafurahi.

Mzee alisikiliza yote. Kisha akanigeukia mimi.

"Wenye hii mashine wanajua kwamba inatuchanganya?"

Nikasema hapana.

"Wewe umejua tangu lini?"

"Miaka miwili, mzee."

"Na hujawaambia."

Ningewatumia tu marekebisho yangu, na toleo jipya lingekuja nayo. Sikutuma kwa sababu nilipenda ofisi ikwame nisipokuwepo. Hilo sikulitamka, ila nadhani alilisoma usoni kwangu.

Nikachapa kibali cha ng'ombe thelathini, kama alivyoandikisha alipokuja mara ya kwanza. Akakisoma polepole, akakirudisha mezani.

"Andika kumi na tisa," akasema.