Paa la Nusu Bei

Waitara Magige alikuwa mkono wa birika, na wala hakuona haya nalo. Msumari uliopinda aliunyoosha juu ya jiwe akautumia tena, na kamba ya katani aliifungua fundo kwa fundo badala ya kuikata. Watu wa Nkende walimtania sana, naye aliwajibu kwamba kicheko hakilipiwi, wacheke tu. Kwa hiyo alipotangaza kwamba anaondoa nyasi kwenye nyumba ya mkewe Verdiana na kuezeka mabati, majirani walitazamana. Walijua hapo pana ujanja.

Ujanja wenyewe ulikuwa huu. Mwaka ule wa 1983, bati la halali lilikuja kwa mgao kwenye duka la ushirika. Ulijiandikisha, ukasubiri mpaka ukasahau kwamba ulijiandikisha. Lakini ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, mabati yalikuwa tele, na vijana wenye baiskeli walizijua njia za panya. Mmoja wao alimwuzia Waitara mabati yaliyobonyea pembeni kwa nusu ya bei ya walanguzi wa mjini. Waitara aliyalaza nyuma ya zizi, akayafunika majani ya migomba, na usingizi wake ukawa mtamu kwa siku kadhaa.

Kisha redio ikaanza. Kila jioni ilitaja walanguzi na wahujumu uchumi, na watu wakakamatwa kwa vitu ambavyo jana vilikuwa vya kawaida tu: sabuni, mafuta ya kula, vitenge. Ilisemekana kuna mfanyabiashara aliyetupa shehena nzima ya betri mtoni kwa woga. Verdiana aliyasikia yote hayo, akamfuata mumewe zizini.

"Baba Agustina, turudishe nyasi. Nyasi tunakata wenyewe wanawake, hatumlipi mtu. Hizi bati zitatufunga."

"Nyasi leo, nyasi tena baada ya miaka miwili, mitatu. Hiyo ndiyo hasara. Bati unaweka mara moja umemaliza."

"Basi zipake rangi. Zina mhuri."

Kweli yalikuwa nao. Kila bati lilipigwa mhuri wa bluu wa kiwanda cha Kenya, mkubwa, wa kusomeka na mtu aliyeishia darasa la pili. Waitara alikwenda dukani, akauliza bei ya kopo la rangi, akaguna, akarudi mikono mitupu. Alisema mhuri utageuziwa chini, utazame ndani. Nani atapita barabarani auone?

Hata fundi Waitara hakumtaka. Fundi angekuja na msaidizi mmoja, wangegonga taratibu siku mbili tatu, wangelipwa na kwenda zao. Waitara aliita risaga. Risaga ni ile kazi ya pamoja ya Wakurya: majirani wanakuja kukufanyia kazi kutwa, wewe unawalisha, na siku wakikuita nawe unakwenda. Ujira hakuna. Mwanamume anayejua kuhesabu atawezaje kuacha kitu kama hicho?

Asubuhi ya siku hiyo ilikuja nusu ya kijiji. Wanaume walipanda juu ya kenchi na nyundo, wanawake walisonga ugali na kukoroga mboga uani, na watoto waliokota misumari iliyoanguka. Kiongozi wa kazi alikuwa Mniko, jirani wa ukuta kwa ukuta, mtu mwenye sauti ya kuswaga ng'ombe. Mama yake Waitara, bibi Mogesi, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia kabisa, aliketi mlangoni pa nyumba yake ndogo ya nyasi upande wa pili wa ua, akisikiliza.

Kelele zilikuwa za ajabu. Nyundo zote zile juu ya bati, kwenye uwanda ule ulio wazi, zilisikika mpaka barabara ya Tarime. Verdiana aliacha mwiko mara kwa mara akatazama njia. Waitara alimwona, akajifanya hamwoni.

Jua lilipokaribia utosini, Landrover ya kijani ilikata kona na kuingia uani moja kwa moja. Nyundo zilinyamaza, sio zote pamoja, moja moja, mpaka ikabaki ya mzee mmoja kiziwi, naye akaguswa bega.

Walishuka wanamgambo wawili na mkuu wao, afisa wa kikosi cha ukaguzi, mtu wa Mbeya aitwaye Ambokile. Hakuwa na ukali wowote usoni. Alionekana amechoka, kama mtu aliyekwisha kuingia nyua nyingi tangu alfajiri.

"Shikamoo, bibi," alimwamkia Mogesi kwanza. Kisha akawageukia wengine. "Poleni na kazi. Tumesikia nyundo tukasema tuje tusalimie."

Hakuna aliyecheka. Ambokile aliinama akaingia ndani ya nyumba, na kutoka uani walimwona akiinua uso na kutazama juu. Alitazama kwa muda. Mihuri ya bluu ilikuwa imepangwa pale safu kwa safu, na Waitara, ambaye alizoea kuiona ikiwa imelala nyuma ya zizi, hata yeye alishtuka kwa jinsi ilivyokuwa mingi. Kopo moja tu la rangi lingetosha.

Ambokile alitoka akijifuta vumbi. "Stakabadhi za mabati haya?"

Waitara aliinama akaokota msumari uliopinda.

"Sawa. Sikilizeni, ndugu zangu. Sitaki kumsumbua kila aliyeshika nyundo hapa. Nataka mtu mmoja tu, mwenye nyumba. Mmoja akikubali, nakwenda na huyo mmoja, mambo yake yataamuliwa huko mbele. Lakini nikigundua mume na mke wamesaidiana, nitachukua wote wawili, na watoto watabaki na Mungu." Alimtazama Waitara. "Mzee, hii nyumba ni ya nani?"

"Ya Verdiana," alisema Waitara.

Alijibu hivyo bila hila hata kidogo, na hapa lazima asemewe haki yake. Mkurya yeyote angejibu hivyo. Mji ni wa mwanamume, lakini nyumba ni ya mwanamke aliyeolewa akawekwa ndani yake. Pale uani palikuwa na nyumba ya Mogesi na nyumba ya Verdiana, na nyumba ya Waitara haikuwepo wala haijawahi kuwepo. Mwanamume akisema "nyumba yangu" huku mkewe amesimama pale, watu watamcheka wiki nzima.

Lakini mtu wa Mbeya alisikia kitu kingine. "Verdiana ni nani?"

"Ni mimi," alisema Verdiana, unga mikononi.

"Nyumba ni yako, mama?"

Verdiana alimtazama mumewe. Halikuwa jicho la kusihi. Lilikuwa jicho la kusubiri, lile analomtazama nalo kila siku anapomwuliza kama atakula sasa au baadaye. Waitara alifungua mdomo. Neno lilikuwa karibu kabisa: mabati niliyaleta mimi. Maneno matatu, bure, hayana gharama.

Ila lo, yalikuwa na gharama. Kichwa cha Waitara kilianza kupiga hesabu chenyewe, kama kilivyozoea. Mwanamume wangemweka ndani miaka, wangemtia adabu, wangechukua na ng'ombe. Mwanamke je? Mwanamke watamhurumia. Watamwuliza maswali mawili matatu, watamwona ni mama wa watoto, watamwachia kabla ya wiki kuisha. Ilikuwa nafuu, ukiitazama hivyo. Alijichukia kwa kuitazama hivyo, na bado aliendelea kuitazama.

"Ndiyo," alisema Verdiana. "Ni yangu."

"Basi jiandae, mama."

"Naomba ninawe mikono."

"Nawa."

Alinawa taratibu mno. Alichota maji kwa kata, akasugua kila kidole, akachota tena. Ua mzima ulimtazama Waitara. Mniko, aliyekuwa bado amekaa juu ya paa, alisema kwa sauti ya chini ambayo kwake ilitosha kufika kila mahali: "Mura, mwanamume wewe. Sema." Waitara aliitazama kata ikichota tena.

Verdiana alijifuta kwa kanga. Alimwita Agustina, bintiye mkubwa, akamwonyesha sufuria ya mboga na kumwambia mdogo wao asipewe pilipili. Akafunga kitambaa upya kichwani. Akamaliza kukifunga, akakifungua, akakifunga tena. Baada ya hapo hakuwa na kitu kingine cha kufanya, akatembea mpaka kwenye gari na kupanda nyuma. Mtoto wa mwisho alipoona mama anaondoka aliangua kilio.

Dereva alitia moto. Ni hapo ndipo Waitara alipokimbia.

"Afande! Afande, ngoja! Mabati niliyaleta mimi! Ni mimi!"

Ambokile alimtazama kupitia dirishani. Safari hii uso wake haukuwa wa kuchoka tu. "Sasa mko wawili," alisema. "Nilisema nini mwanzo? Panda na wewe."

Waitara alishika ubao wa nyuma ili apande. Mkono wa Verdiana ukaushika wake, ukaanza kuubandua kidole kimoja kimoja.

"Afande, huyu mwongo," alisema Verdiana. "Anataka tu kunifuata, hawezi kukaa bila mke. Nyumba ni yangu, waulize wote hawa. Mabati nilitafuta mwenyewe."

"Mama, una hakika?"

"Nina hakika."

Kisha akamwinamia mumewe, akasema kwa Kikurya, polepole, ili mtu wa Mbeya asielewe. "Ungesema nilipokuwa nanawa mikono. Ningekushukuru mpaka nife. Sasa tukienda wote, nani atamlisha mtoto? Achia."

Waitara aliachia ubao. Ambokile alitoa amri kwamba mabati yasiguswe, yabaki pale pale juu mpaka lori lije kuyachukua, na gari likageuza likaondoka. Vumbi lilikaa hewani muda mrefu.

Wanaume walishuka kwenye paa. Ugali ulikuwa umeiva, mboga imeiva, na desturi ya risaga inajulikana: watu hawaondoki kabla hawajala, hata kama wamegombana. Mniko alipita mbele ya vyungu bila kuvitazama, akachukua nyundo yake na shati lake, akatoka. Wengine walimfuata. Wanawake waliokuwa wakipika walifunika vyungu, wakakung'uta kanga zao, wakaondoka pia. Hakuna aliyemtukana Waitara. Hakuna aliyemuaga.

Ua ukabaki na watoto, kuku, na chakula cha nusu ya kijiji. Waitara alisimama pale gari lilipokuwa limesimama.

Kutoka mlangoni pake, bibi Mogesi aliinua kichwa. Alikuwa amesikia gari, makelele na kilio, lakini maneno mengi yalikuwa yamempita.

"Mama Agustina!" aliita. "Mwanangu, njoo. Njoo ukae hapa kwangu."

Hakuna aliyejibu.

"Usilie peke yako huko. Nimesikia gari, najua wamemchukua. Waitara ni mwanamume, atavumilia. Nilimzaa mimi, namjua. Njoo, mama, tukae pamoja mpaka atakaporudi."

Aliunyoosha mkono kuelekea uani, kiganja wazi, akisubiri kushikwa. Watoto walimtazama baba yao. Waitara alitamani asimame pale bila kupumua mpaka mkono ule uchoke na kushuka wenyewe. Haukushuka.

"Mama," alisema mwishowe. "Mimi nipo."

Bibi Mogesi aligeuza uso kuifuata sauti.

"Nani huyo?"

"Ni mimi. Waitara."

"Wewe upo?"

"Nipo, mama."

Mkono ulibaki hewani kidogo. Kisha bibi Mogesi akaurudisha mapajani, akainuka kwa kushika mhimili, akapapasa mlango wake wa matete, akaingia, akaufunga.